Anafunga Nyumbani, Anakosa Uwanjani

Mpira wa pete mimi siujui vizuri hata leo. Najua mpira ukipita ndani ya pete, watu wanaruka. Ukigonga chuma ukarudi, watu wanashika vichwa. Lakini mke wa mwanangu ni mfungaji, na kazi ya mfungaji ni hiyo tu, kutia mpira kwenye pete. Kwa hiyo nyumba nzima tunaishi na mpira, tutake tusitake.

Mkwe wangu anafanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali. Anatoa mashuka kwenye mashine, anayakamua, anayapiga pasi, anayakunja. Akirudi jioni, mikono yake inanuka sabuni. Chai hamalizi. Anavaa raba, huyo anatoka uani na mpira wake.

Mwanangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Yeye ndiye aliyemtengenezea mke wake pete. Aliisimamisha kati ya tangi la maji na kamba ya kuanikia nguo. Hapo mkwe wangu anarusha, na anafunga! Anarusha, ndani. Anarusha, ndani. Anafunga mpaka mimi nachoka kuangalia.

Nami nilikuwa na kazi yangu. Akitoka tu na mpira, mimi nilikuwa nasimama mlangoni na ufagio mkononi.

"Zimeni redio! Nani anagonga sufuria? Mama yenu anataka utulivu!"

Wajukuu wananijua. Walinyamaza hapo hapo. Mwanangu alizima mashine yake ya kukatia vyuma. Hata kikohozi tulikibana. Nilijiona mama mkwe bora, sina mfano.

Sasa shida yetu ilikuwa hii. Mkwe huyo huyo, akifika uwanjani, anakosa.

Wenzake wakanieleza, sikuamini. Nikaenda kujionea. Timu ya hospitali ilikuwa inacheza na timu ya kiwanda cha sabuni. Huko kiwandani wana mlinzi mmoja wanamwita Ukuta. Ni mrefu, mikono mirefu, na hacheki na mtu. Mkwe wangu akapata mpira karibu kabisa na pete. Ukuta akasimama mbele yake, mikono juu. Watu wa kiwandani wakapiga madebe. Mkwe wangu akarusha. Mpira ukapita juu ya pete, juu ya kila kitu, ukaenda zake.

Akapewa tena. Akakosa tena. Na tena. Jamani! Nilikaa pale mdomo wazi. Ni yule yule wa uani kwangu, au wamenibadilishia?

Nilirudi nyumbani kichwa kinazunguka.

"Pete ya uwanjani ni ndogo," nilimwambia mwanangu. "Haiwezekani. Nenda kapime."

Akaenda na futi yake. Akapima upana, akapima urefu kutoka chini.

"Mama, ziko sawasawa," akasema.

"Basi ni viatu."

Mkwe akaazima viatu vya mwenzake. Akakosa.

"Basi ni njaa."

Mechi iliyofuata nilimlisha mpaka akashindwa kukimbia. Akakosa zaidi. Hapo nikaishiwa sababu.

Siku hiyo kocha wao alimwita pembeni. Alimwambia, "Jumamosi tunarudiana na kiwanda cha sabuni. Baada ya mechi natangaza majina ya watakaosafiri kwenye mashindano ya wafanyakazi. Ukicheza hivi, nafasi yako nampa mwenzako. Utanisamehe, sina la kufanya."

Mkwe wangu alirudi akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mpira mapajani.

"Si uache tu, mwanangu?" nikamwambia. "Mpira wenyewe haukulishi."

Akaniangalia. "Mama, kazini mimi ni mashuka. Nyumbani mimi ni sufuria. Silalamiki, nawapenda nyote. Lakini uwanjani ndipo ninapojisikia niko hai. Na umri unakwenda. Wakinitoa sasa, sirudi tena."

Iliniuma, maana sikujua kama mpira ule una uzito wote huo kwake.

Basi tukaanza kumsaidia, kila mtu kwa akili yake.

"Usitetemeke," mumewe akamwambia.

"Usimwangalie yule mrefu," nikasema mimi.

"Mama, wewe usikose tu, basi," akasema mjukuu wangu mkubwa.

Mkwe aliitikia kila mmoja. "Sawa. Sawa. Sawa." Lakini macho yake yalikuwa yanazidi kupotea.

Kesho yake jioni alikuwa uani anarusha. Mimi mlangoni na ufagio, nyumba kimya. Mara nikasikia hodi ya chinichini. Alikuwa mwanamke aliyehamia nyumba ya nyuma yetu wiki ile. Amejifunga kitambaa kichwani, uso ameuinamisha.

"Poleni sana, jirani," akasema.

"Tumeshapoa," nikajibu kwa mazoea. Kisha nikashtuka. "Pole ya nini?"

"Ya msiba."

"Msiba! Nani kafa?" Niligeuka nikaanza kuwatafuta watu wangu mmoja mmoja kwa macho.

Jirani naye akachanganyikiwa. "Samahani, mama. Kila jioni nasikia nyumba hii imechangamka. Redio, watoto, vyuma. Halafu ghafla, kimya! Nikasema, hawa wamefikwa na jambo. Nitakuwa jirani gani nisipokuja kuwapa pole?"

Mwanangu alicheka mpaka akashika ukuta. Mkwe wangu akaja na mpira wake. Nikaeleza jinsi tunavyonyamaza ili afanye mazoezi. Jirani akavua kitambaa, akajicheka mwenyewe. Halafu akaacha kucheka.

"Na uwanjani wananyamaza hivi?" akauliza.

"Wananyamaza wapi!" nikasema. "Wanapiga madebe mpaka masikio yanauma."

"Basi mnamzoesha kufunga mahali ambapo mechi haichezwi."

Nikamtazama. Nikautazama ufagio wangu. Yaani kazi yangu yote ile, kumbe nabomoa?

Kumbe jirani huyu ni mwalimu wa michezo katika chuo cha ualimu. Amesomea namna wachezaji wanavyojiandaa kichwani kabla ya mchezo. Tukamkaribisha kiti. Tangu siku hiyo tunamwita Mwalimu.

"Mikono yako inajua kufunga, nimeona," alimwambia mkwe. "Hilo limetokana na mazoezi, na mazoezi usiyaache. Sasa tuifanyishe mazoezi na akili."

"Akili inafanyishwaje mazoezi?" nikauliza. "Itakimbia?"

"Subiri, mama, utaona." Akamgeukia mkwe. "Ukishika mpira mbele ya huyo Ukuta, unawaza nini?"

"Nawaza nisikose."

"Na nini tena?"

"Nisitetemeke. Nisimwangalie yule mrefu."

"Nani kakufundisha hayo?"

Mimi nikaangalia tangi la maji. Mwanangu akaangalia viatu vyake.

Mwalimu akaniambia, "Mama, nakuomba kitu. Usifikirie kabisa chungu kinachoungua jikoni."

Nikainuka mbio kwenda jikoni. Nilikuwa nimeshafika nusu ya njia nilipokumbuka kwamba sijapika chochote. Wote wakacheka, hata mkwe wangu, ambaye hakuwa amecheka siku nyingi.

"Mmeona?" akasema Mwalimu. "Ukimwambia mtu usifanye hiki, hicho hicho ndicho kinachomjia kichwani. Ukimwambia usikose, anaona kukosa. Kwa hiyo mpe la kufanya. Wewe, ukifunga vizuri hapa nyumbani, mwili unafanya nini?"

Mkwe akafikiri. Akarusha mara moja, akajiangalia. "Nakunja magoti. Natoa pumzi. Naangalia pete mpaka mpira umetoka mkononi."

"Basi hayo ndiyo maneno yako. Magoti, pumzi, pete. Kila ukitaka kurusha, jiambie hayo kimoyomoyo, kwa mpangilio huo huo. Mfungaji anapewa sekunde tatu tu. Yanatosha."

Kisha akatufundisha kupumua. Vuta hewa puani, taratibu, mpaka tumbo lijae. Itoe kwa mdomo polepole zaidi, kama mtu anayepoza chai. Roho ikiwa juu juu, pumzi ndefu inaiteremsha. Nami nikajaribu. Nikapaliwa.

"Wewe mama utazoea," Mwalimu akaniambia, na nikaona anabana kicheko.

Siku moja mchana, mkwe hakuwa na zamu kazini, nikapita mlangoni kwake. Nikamwona amekaa kitandani, macho amefumba, mikono inapanda na kushuka peke yake. Midomo inacheza. Nikasema yamekuwa! Homa imempanda kichwani. Nikamkimbilia mwanangu.

"Njoo umwone mkeo!"

Mwanangu akachungulia. "Mwache, Mama. Anacheza mechi."

"Mechi gani? Mpira uko wapi?"

"Kichwani. Mwalimu amemwambia kila siku akae kidogo ajione uwanjani. Asikie madebe. Aone mikono ya Ukuta. Ahisi mpira vidoleni, kisha arushe."

Mkwe akafumbua jicho moja. "Nimekosa moja, Mama."

"Umekosa?" Nilishangaa kweli. "Hata kwenye mawazo? Si ungefunga tu, nani anakuona?"

"Mwalimu amesema nijione nikikosa pia, halafu nivute pumzi, niendelee na linalofuata. Uwanjani lazima nitakosa mengine. Nikijizoesha, kukosa hakutanivunja moyo."

Nikaondoka nikitikisa kichwa. Mtu anakosa mpira ambao haupo, tena kwa makusudi, na anaambiwa ndiyo maendeleo. Dunia ina mambo.

Lakini lililonichanganya zaidi lilikuwa lingine. Mwalimu alininyang'anya ufagio wangu.

"Mama, kuanzia leo wewe si wa kunyamazisha watu," akasema. "Wewe ndiye mashabiki wa kiwanda cha sabuni. Mpigie kelele. Mzomee."

"Mimi? Nimzomee mkwe wangu? Miaka yote hii nimejizuia!"

"Sasa usijizuie."

Haya basi. Wajukuu walipewa madebe. Mwanangu aliwasha mashine yake, kisha akaja kusimama mbele ya mkewe, ufagio wangu ameuinua juu kama mikono ya Ukuta. Nami nikasafisha koo.

"Wee! Huo ni mkono au mwiko?"

Mkwe akarusha, akakosa.

"Pete iko huku, si kwa jirani!"

Akakosa tena. Siku ya kwanza alikosa nyingi kuliko alizofunga. Nikamwambia Mwalimu, "Tulikuwa na mtu anafunga nyumbani tu. Sasa hata nyumbani hafungi. Umetuharibia." Mwalimu akasema nivumilie, kichwa kinajifunza.

Siku iliyofuata zikaanza kuingia. Nilimwona midomo inacheza: magoti, pumzi, pete. Ndani. Magoti, pumzi, pete. Ndani. Madebe yanalia, chuma kinalia, na yeye anarusha. Nikaona kelele zangu hazifui dafu. Nikapandwa na mori wa mchezo. Nikatafuta neno kali zaidi.

"Rudi kwenye mashuka yako! Umri umekwenda, waachie wasichana!"

Mkwe akausimamisha mpira mkononi. Akauweka chini. Akaingia ndani.

Madebe yakanyamaza. "Mama," akasema mwanangu, "hapo umezidisha."

Nilijua. Nilijua kabla neno halijamaliza kutoka. Nikamfuata chumbani, nikakaa karibu naye.

"Nisamehe, mwanangu. Ulimi hauna mfupa. Sikumaanisha hata neno moja."

Alikuwa anajifuta macho. "Si wewe, Mama. Maneno hayo nayasikia kila mechi. Nikishika mpira tu, nayasikia, umri umekwenda, rudi kwenye mashuka. Hakuna anayeyasema. Najiambia mwenyewe. Leo nimeyasikia kwa sauti, nikashtuka kumbe ni mabaya hivyo."

Sikujua nilie au nimkumbatie. Nikafanya yote mawili.

Mwalimu alikuwa amesikia yote kutoka nyumbani kwake. Alikuja, akaanza na mimi, wala hakunionea haya.

"Mama, kelele ni mazoezi. Kumchoma mtu moyo si mazoezi. Mzomee mkono wake, mzomee mpira wake, yeye mwenyewe umwache."

"Nimesikia, Mwalimu."

Akamgeukia mkwe. "Na hiyo sauti ya ndani, usibishane nayo. Ukianza kubishana, sekunde tatu zimekwisha. Isikie tu, iache ipite, urudi kwenye maneno yako."

"Na isipoondoka?"

"Haiondoki yote. Hata mimi ninayo. Hata Ukuta anayo."

"Ukuta?" Mkwe akainua uso. "Ukuta anaogopa nini?"

"Anaogopa wewe utafunga."

Mkwe akamtazama. Kisha akacheka polepole, kama mtu aliyepewa habari ambayo hakuwahi kuiwaza. Akainuka, akarudi uani. Mimi nikaendelea kuzomea, lakini mkono na mwiko tu.

Jumamosi ikafika. Asubuhi hakuna aliyemwambia usikose wala usitetemeke. Mumewe alimwambia, "Magoti, pumzi, pete." Basi. Mimi nilimpa chai na mkate, kiasi cha mtu mwenye akili.

Uwanjani nilikaa na Mwalimu. Mpira wa kwanza mkwe alioupata, Ukuta akasimama mbele yake, madebe yakalia. Akarusha. Akakosa!

Nikafumba macho. "Tumekwisha, Mwalimu. Ni yale yale."

"Si yale yale. Fumbua macho, mwangalie."

Nikafumbua. Zamani akikosa, mabega yalikuwa yanaanguka na macho yanamtafuta kocha. Sasa alitoa pumzi ndefu, akakung'uta mikono, akarudi kwenye nafasi yake. Mpira uliofuata ukaingia. Uliofuata tena ukaingia. Akakosa mwingine, akapumua, akaendelea. Nilijaribu kuhesabu nikapotea. Ukuta akaanza kugombana na wenzake.

Karibu na mwisho timu zilikuwa sawa. Mkwe wangu akapata mpira chini ya pete, Ukuta akamsukuma. Mwamuzi akapiga filimbi. Akamsimamisha Ukuta pembeni, mkwe arushe bila mtu mbele yake.

Hapo mashabiki wetu wa hospitali wakafanya kosa langu lile lile. "Shhh! Mwacheni atulie!" Uwanja wote ukanyamaza. Hata wa kiwandani wakaacha madebe kwa wasiwasi.

Mimi roho ikaruka. Kimya tena? Mtoto wangu ameshazoea kelele! Kimya kitamchanganya! Sikumuuliza Mwalimu. Nilisimama nikapiga yowe.

"Wee! Huo ni mkono au mwiko? Pete iko huku, si kwa jirani!"

Watu wote wakageuka. Daktari mmoja wa hospitali yetu akaniuliza, "Mama, wewe ni wa kiwanda cha sabuni?"

"Kiwanda gani! Huyo ni mkwe wangu!"

"Sasa mbona unamzomea?"

Ningemweleza nini? Nikazidisha. "Mwiko! Mwiko! Mwiko!"

Mpira ukapanda, ukashuka, ukapita katikati ya pete bila kugusa chuma.

Nikawa sioni, ni machozi. Dakika ya mwisho kiwanda cha sabuni nao wakafunga, mechi ikaisha sare. Sikujali. Nilikuwa nangoja majina.

Kocha aliwakusanya wachezaji, akatoa karatasi. Jina la mkwe wangu lilikuwa la tatu. Alijifunika uso kwa mikono ile ya sabuni, mabega yakawa yanatikisika.

"Nikuulize," kocha akamwambia. "Leo umekosa mara ngapi?"

Mkwe akafikiri. "Sikumbuki, kocha."

"Mechi iliyopita ulinitajia moja baada ya nyingine," kocha akasema. "Nenda kajiandae kwa safari."

Nilipomfikia nilikuwa sina sauti, imekauka kabisa. Nikamvuta mkono, nikamnong'oneza, "Ule wa mwisho, walipokunyamazia. Ulinisikia nilivyokuokoa?"

Mkwe wangu akanitazama, jasho linamtiririka, hajaelewa kitu.

"Walininyamazia?" akasema. "Kwani ulisema nini, Mama?"

Nilisimama pale nisijue nicheke au nikasirike. Uwanja mzima umenisikia. Mpaka Ukuta amenisikia. Mtu mmoja tu hakusikia kelele wala kimya, na ndiye niliyekuwa nampigia. Mwalimu alikuwa ameinama, anacheka na kujifuta macho.

"Sikusema kitu, mwanangu," nikamwambia. "Twende nyumbani tukafungashe."